Kujenga Kibanda cha Darubini Nyumbani katika Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayeishi Mbeya, Iringa au Njombe akinunua darubini, jambo la kwanza linalomsumbua ni kwamba kifaa chake kilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na ikweta. Karatasi ya maelekezo humwambia aelekeze mhimili, yaani ule mti ambao darubini huuzunguka ili kufuata nyota, kwenye Kutubu, yaani Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu iko chini ya upeo wa macho na haionekani kamwe. Kitako chenyewe kinachobeba darubini nacho mara nyingi hakikuundwa kulala kwa kiasi kinachohitajika hapa, kwa kuwa Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, Iringa chini kidogo ya nyuzi 8, na Njombe nyuzi 9 na theluthi. Maana yake ni kwamba ncha ya kusini ya anga, ile ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, iko juu ya upeo wa macho kwa nyuzi hizohizo tu, ambazo hazifiki upana wa ngumi ukinyoosha mkono mbele yako. Kibanda kikijengwa bila kulifikiria jambo hili, mwenye nacho atakuja kubomoa. Mimi nilibomoa nguzo yangu ya kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Taabu hiyo ina malipo yake. Katika miezi ya kiangazi katikati ya Njia Nyeupe hupita karibu na utosi, sayari hupanda juu sana badala ya kutambaa kwenye ukungu wa upeo, na kwa kuwa mji kama Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sehemu moja kati ya tano ya uzito wa hewa inabaki chini yetu. Mwongozo huu ni wa kibanda cha mita 3 kwa mita 3 chenye paa la kusukuma, kinachoweza kujengwa na fundi mwashi, fundi seremala na fundi wa kuchomelea wa mtaani, kwa darubini yenye kioo cha inchi 6 hadi inchi 10. Kuba la kuzunguka sikushauri: ni gumu kulitengeneza lisivuje, na mvua za huku hazisamehi tundu hata dogo.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali

Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, kaa kwenye kiwanja chako usiku, si chini ya mara tano au sita, ukiwa na kiti na daftari tu. Andika taa ziko wapi, ukungu unaanza saa ngapi, na upepo unatoka upande gani. Kisha nyosha mkono kuelekea kusini na uweke ngumi juu ya upeo wa macho: kama mlima, mti au nyumba inapita juu ya ngumi hiyo, ncha ya anga imefichwa, na vitu vizuri vya kusini kama Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na yetu, vitaonekana kwa muda mfupi tu. Aliyejenga chini ya mlima Loleza amefungwa upande wa kaskazini, na hiyo si hasara kubwa. Aliyebanwa na milima ya Uporoto upande wa kusini ana hasara zaidi. Angalia pia miti ya jirani. Mkaratusi uliopandwa mwaka jana ni mdogo leo, lakini baada ya miaka mitano utakuwa ukuta, na huwezi kumwomba mtu akate miti ambayo ni akiba ya ada za watoto wake.

Hali ya hewa ya nyanda hizi haifanani. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na anayeishi huko ajiandae kwa usiku wa mawingu mwingi kuliko wa nyota. Ukingo wa Mufindi, panapostawi chai, hupata ukungu na manyunyu hata wakati wa kipupwe, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki unapanda mteremko ukiwa na unyevu. Makambako pana upepo mkali unaotikisa darubini. Mji wa Iringa ni mkavu zaidi, na bonde la Usangu ni kavu zaidi bado ingawa liko chini na lina vumbi. Popote ulipo, usijenge bondeni kabisa, kwa kuwa hewa baridi hushuka usiku na kukusanya ukungu huko. Mgongo wa mteremko, hatua chache juu ya bonde, hukaa wazi saa nyingi zaidi. Kumbuka vilevile moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa kuanzia Agosti hadi Oktoba, ambao hulifanya anga la chini kuwa la kahawia na kuwaumiza zaidi watu kama sisi ambao ncha yetu ya anga iko chini.

Jambo la majirani nalo ni la hatua hii, wala si la baadaye. Mtu anayekesha ndani ya chumba kisicho na taa, akisukuma paa saa saba za usiku, ataulizwa maswali, na ni haki yao kuuliza. Nenda kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, eleza unachojenga, ulizia kibali cha ujenzi, kisha waalike watu waje kuutazama mwezi kabla kibanda hakijakamilika. Mzee mmoja jirani yangu alikaa kwenye lenzi muda mrefu bila kusema neno, akainuka, akasema, "Kumbe una mabonde," na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza ninafanya nini usiku. Badala yake wananiuliza lini tena.

Hatua ya pili: kutafuta kusini halisi

Kibanda, nguzo na reli za paa vyote vitafuata mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo mstari huo utafutwe kabla ya kuchimba. Dira haitoshi, kwa sababu sindano yake hufuata usumaku wa dunia ambao haulingani na kusini halisi, na tena hupotoshwa na nondo na mabati yaliyo karibu. Jua linatosha.

Katika siku yenye jua ya Juni au Julai, simika fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita moja kwenye ardhi uliyoisawazisha kwa pima maji, na uhakikishe kwa timazi kwamba fimbo imesimama wima. Yapata saa nne asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha, ukitumia kamba iliyofungwa kwenye tako la fimbo, chora duara linalopita kwenye alama hiyo. Kivuli kitafupika hadi karibu saa saba kasorobo, ambayo ndiyo adhuhuri halisi ya Mbeya kwa kuwa saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 ilhali mji uko nyuzi 33 na nusu. Baada ya hapo kitarefuka na kugusa duara tena yapata saa tisa na nusu. Weka alama ya pili hapo. Mstari unaotoka kwenye fimbo na kupita katikati ya alama hizo mbili unaelekea kusini. Ukilifanya zoezi hili kati ya katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, jua likiwa limepita upande wa kusini wa utosi wetu, mstari huohuo utaelekea kaskazini. Urefushe kwa kamba hadi nje ya eneo la kuchimba na upigilie vigingi viwili imara, kwa maana mafundi wakianza kazi kila alama iliyo ndani ya kiwanja itafukiwa.

Hatua ya tatu: nguzo

Hapa ndipo pa kutumia muda na fedha. Paa likivuja unaweza kuliziba na ukuta ukipinda unaweza kuuegemeza, lakini nguzo mbaya huharibu kila usiku utakaokaa hapo.

Nguzo yangu ya kwanza ilimwagwa na fundi mzuri ambaye sikumweleza vizuri. Aliifanya kama nguzo ya baraza: zege nene la sentimita 40 kutoka chini hadi juu, limeungana na sakafu. Usiku wa kwanza Zohali ilikuwa katikati ya lenzi, pete zake zimekatika safi kama zimechorwa kwa wembe. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri zamu. Akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na sayari yote ikaanza kucheza, ikatawanyika kuwa mistari, na kuchukua sekunde nne au tano kutulia. Akipiga hatua, inacheza tena. Sakafu ilikuwa inaupeleka mshindo wa mguu moja kwa moja kwenye nguzo. Kosa la pili lilijitokeza wiki ileile: kila nilipoelekeza darubini kusini, chuma cha uzani wa kusawazisha kiligonga ubavu wa nguzo na kusimamisha mota inayozungusha darubini.

Kwa hiyo fanya hivi. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina mita 1, au zaidi kama udongo ni tifutifu wa majivu ya volkano kama wa Rungwe. Weka kikapu cha nondo za milimita 12, kisha mwaga zege la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Shimo la ukubwa huo hula mifuko mitatu hivi ya kilo 50, na tofali hilo la zege litakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 800. Usilijaze kupita usawa wa ardhi. Juu yake, kabla zege halijashika, zamisha bolti nne za milimita 16 zilizopindwa mguu kama herufi J, ukizishikilia kwa ubao wa plaiwudi uliotobolewa kwa vipimo vilevile vya sahani ya chuma itakayokaa juu yake. Ubao huo upangwe sawasawa na kamba yako ya kaskazini na kusini. Mwagilia zege maji kwa siku saba, lifunike kwa magunia, na usilifunge chochote kizito kwa wiki nne; baridi ya kipupwe huchelewesha zege kukomaa, na fundi anayekuambia siku tatu zinatosha anafikiria Dar es Salaam.

Kinachosimama juu ya zege kiwe bomba la chuma la inchi 6, lenye ukuta mnene, lililochomelewa sahani chini na juu, pamoja na mbavu tatu au nne za pembetatu pale chini. Lijaze mchanga mkavu, ambao hunyonya mtetemo. Bomba tupu hulia kama kengele. Wembamba wake ni wa makusudi. Kwa kuwa mhimili wetu umelala karibu sambamba na ardhi, chuma cha uzani huning'inia karibu wima, kikikaribia sana nguzo. Huko Ulaya mhimili unapoinuka nyuzi 50, chuma hichohicho hujitenga chenyewe. Ili kujipatia nafasi zaidi, mwambie fundi wa kuchomelea aitengeneze sahani ya juu itokeze sentimita 8 hadi 10 upande wa kusini, na kitako kifungwe kwenye sehemu hiyo iliyotokeza.

Kabla ya kununua kitako chenye mhimili, uliza kinashuka hadi nyuzi ngapi. Vipo vinavyoishia nyuzi 15 au 20. Kikiishia 15 na wewe unataka 9, zipo nyuzi 6 za kutafuta, nazo hupatikana kwa kuinua upande wa kaskazini wa sahani: kwa sahani ya sentimita 20, kabari ya sentimita 2.1 inatosha. Na kama shida yako ni kutazama tu kwa macho, bila kupiga picha, basi acha kabisa mambo ya mhimili na ununue darubini ya kioo inayokaa kwenye kisanduku cha mbao kinachozunguka, ule muundo ulioenezwa na John Dobson huko San Francisco. Haijali uko nyuzi ngapi, haihitaji mota, na fundi seremala yeyote wa Mafinga anaweza kukutengenezea kisanduku kipya. Ya inchi 8 yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) wa milimita 1,200 itakupa ukuzaji wa mara 48 kwa lenzi ya milimita 25 na mara 120 kwa lenzi ya milimita 10. Kwa mtu anayeanza, huo ndio ushauri wangu wa dhati. Yeye hahitaji bomba, bali tofali la zege la chini lenye uso ulionyooka, lililotengwa na sakafu.

Hatua ya nne: sakafu na kuta

Sakafu isiguse nguzo. Acha mwanya wa sentimita 3 kuizunguka, na uujaze sponji ya godoro kuukuu ili wadudu na vumbi visipite. Sakafu ya mbao zilizoinuliwa juu ya mihimili ni bora kuliko ya saruji, kwa kuwa saruji hunyonya joto la mchana na kulitoa usiku, na hewa inayopanda kutoka humo hufanya nyota zichemke kwenye lenzi. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi kuta za tofali za kuchoma, ingawa ndizo rahisi na ndizo kila fundi atakazokushauri. Tumia mbao za msindano zilizotiwa dawa, ambazo huku kwetu si za kutafuta, zikipigiliwa kwenye fremu ya mbili kwa nne na kuachiwa matundu ya hewa yenye wavu. Nje paka rangi nyeupe. Kuzunguka kibanda panda nyasi fupi, usimwage saruji.

Urefu wa kuta uwe mita 1.3 hivi kwa darubini iliyo kwenye bomba, na pungufu kwa ya kisanduku; ukuta wa kusini uwe mfupi kuliko wote, na uwe na kipande cha juu kinachokunjwa kwa bawaba, ili usizibe nyuzi zile chache ulizozitafuta kwa taabu. Miguu ya fremu ikae juu ya mawe au zege, isizikwe ardhini, kwa kuwa mchwa wataila kabla ya mvua ya pili. Oili chafu husaidia kwa muda, lakini mguu usiogusa udongo husaidia siku zote.

Hatua ya tano: paa la kusukuma

Paa liende upande wa kaskazini. Reli na nguzo zinazobeba paa likiwa wazi huziba kipande cha anga la chini, na kwetu kaskazini ndiko kwenye vichache vya kupoteza. Zaidi ya hayo, upepo wa kusini-mashariki unaotawala miezi ya kiangazi hautaliingia paa kutoka upande wa mdomo. Reli ziwe ndefu mara mbili ya kibanda, yaani mita 6 na kitu, nusu zikilala juu ya kuta za mashariki na magharibi na nusu zikibebwa na nguzo mbili au tatu kila upande.

Kwa magurudumu, tumia yale ya geti la kusukuma, yenye mfereji katikati, yanayotembea juu ya chuma cha pembe kilichopinduliwa mgongo juu. Manne yanatosha, sita ni bora. Reli mbili zipimwe kwa pima maji ndefu na umbali baina yake upimwe mwanzoni, katikati na mwishoni. Tofauti ya sentimita moja itakwamisha paa usiku wa manane. Fremu ya paa iwe ya mbao nyepesi, mabati ya geji 30, mteremko kuelekea mashariki na magharibi, na zile pembetatu za mbele na nyuma ziwe sehemu ya paa ili ziondoke nalo. Mabati yashuke sentimita 15 chini ya kingo za kuta kwa pembeni, kwa maana mvua ya huku huja kwa ubavu.

Kisha funga paa dhidi ya upepo. Ndoano nne zenye skrubu ya kukazia, mbili kila upande, zifungwe kila unapoondoka, hata kama unakwenda kunywa chai tu. Mwisho, pima darubini ikiwa imelazwa, na upake alama nyekundu kwenye kitako inayoonyesha mkao huo, kwa sababu paa lililosukumwa huku darubini imesimama huvunja vyote viwili.

Hatua ya sita: umeme na radi

Kibanda hakihitaji umeme mwingi. Betri moja ya volti 12 inayochajiwa na paneli ndogo ya sola huendesha mota, taa na vipasha joto vya kuzuia umande usiku kucha, wala haijali umeme wa mtaa ukikatika. Taa iwe nyekundu na hafifu, kwa kuwa macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mwanga mweupe wa simu huyarudisha mwanzo mara moja; tochi iliyopakwa tabaka mbili za rangi nyekundu ya kucha inatosha.

Radi si jambo la kupuuza katika nyanda hizi. Bomba la chuma na reli ziunganishwe kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo ya ethi iliyozamishwa ardhini, na kuanzia Novemba hadi Aprili nyaya zote za darubini zichomolewe unapomaliza. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, funga paa na uingie ndani ya nyumba. Usikae kwenye kibanda.

Hatua ya saba: kulenga mhimili

Msomaji mwenye darubini ya kisanduku airuke hatua hii.

Weka kwanza namba sahihi: latitudo ya kusini, longitudo ya mashariki, saa mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu. Mota nyingi zina swichi ya kaskazini na kusini. Isipogeuzwa kuwa kusini, mota huzunguka kinyume na nyota hukimbia kwa kasi maradufu. Kisha laza mhimili hadi nyuzi 9 kwa kutumia kipimo cha pembe, uuelekeze kwenye mstari wako wa kusini, na uridhike kwa sasa. Nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu mno kuonekana katika hewa nzito ya nyuzi 9, kwa hiyo usipoteze usiku ukiitafuta. Tutaacha nyota nyingine zituambie makosa yetu.

Chukua lenzi yenye msalaba wa nyuzi na ukuzaji wa mara 150 hivi. Ili ujue kaskazini ni upande gani ndani ya lenzi, sukuma mdomo wa darubini kidogo kuelekea kaskazini: nyota itasogea kwenda kusini. Sasa chagua nyota iliyo karibu na utosi, juu ya mstari wa kaskazini na kusini, iweke kwenye msalaba, acha mota ifanye kazi, na utazame kwa dakika tano bila kugusa kitu. Ikisogea kaskazini, ncha ya mhimili imekwenda mashariki mno, isukume kidogo magharibi; ikisogea kusini, imekwenda magharibi mno. Usijali ikisogea mashariki au magharibi, hiyo ni kasi ya mota. Rudia hadi isimame.

Halafu chagua nyota iliyo mashariki, nyuzi 20 hadi 30 juu ya upeo wa macho, karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia. Ikisogea kaskazini, mhimili uko chini mno, upandishe. Ikisogea kusini, uko juu mno, ushushe. Rudi kwa nyota ya utosini, kisha ya mashariki, mara mbili au tatu, ukipunguza kila sahihisho. Vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya kaskazini vitakupa majibu yaliyo kinyume na haya, na ndiyo sababu nimeyaandika kwa ukamilifu. Kazi hii itachukua usiku mzima mara ya kwanza. Nyota ikikaa kwenye msalaba dakika ishirini bila kupanda wala kushuka, kaza nati zote, uhakikishe haikuhama, na upake mstari wa rangi unaovuka kila kiungo, ili kikilegea ukione.

Hatua ya nane: umande, kuvu na wageni wengine

Kuanzia saa nne za usiku, Machi hadi Mei hasa, umande hufunika kila kitu. Kata mkeka wa sponji uliozungushiwa mdomo wa darubini na kutokeza mbele kwa mara moja na nusu ya upana wake. Hilo peke yake huahirisha umande kwa saa mbili au tatu. Lenzi ndogo ziwekwe mfukoni zisipotumika. Kioo kikipata umande, kipepee, usikifute kamwe kwa kitambaa.

Adui mkubwa zaidi ni kuvu, inayoota juu ya lenzi kama utando wa buibui na kula tabaka lake. Lenzi zikae kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya chembe za silika, ambazo zikilowa hukaushwa katika oveni. Usizifungie zikiwa na umande: ziache zikauke kwanza ndani ya nyumba. Manyigu hujenga kwenye tundu lolote lililo wazi, panya hupenda sponji na nyaya, kwa hiyo ziba kwa wavu wa chuma na ukague kila wiki.

Na juu ya jua: darubini isiachwe wazi mchana hata kwa dakika moja, kwa sababu kioo hukusanya mwanga na kuunguza. Septemba 1, 2016, wakati wa kupatwa kwa jua kwa pete, watu walikusanyika Rujewa kulitazama kwa miwani maalumu. Anayetaka kulitazama kwa darubini lazima aweke kichujio maalumu cha jua mbele ya mdomo wa darubini, si nyuma kwenye lenzi, na afunike kabisa darubini ndogo ya kulengea.

Matumizi ya kibanda kwa mwaka

Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya mavuno. Jioni za Juni fungua na Omega Centauri, mpira wa nyota ambao kwetu hupanda zaidi ya nyuzi 50 upande wa kusini, kisha fuata kundi la nyota la Nge na katikati ya Njia Nyeupe. Mwishoni mwa Septemba, karibu saa sita za usiku, nguzo nyingine ya anga ya kusini, kundi la 47 Tucanae, husimama nyuzi 27 juu ya upeo. Wingu Kubwa la Magellan hupendeza zaidi Desemba, ambapo kwetu kuna mvua. Afadhali uamke katikati ya Oktoba saa kumi alfajiri, ulikute limesimama juu ya ukuta mfupi wa kusini, nyuzi 30, wakati Kilimia imekwisha kupita upande wa kaskazini na kuinamia magharibi.

Mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza, paka grisi magurudumu, kaza misumari ya bati, badilisha sponji ya mwanyani, na ulimwagie paa ndoo mbili za maji huku mtu mwingine akiwa ndani anatazama linapovuja. Kioo kikubwa kifunikwe kwa kifuniko chake na mfuko wa kitambaa juu yake, wala si nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu ndani. Katika miezi ya mvua fungua paa saa moja kila siku yenye jua, darubini ikiwa imefunikwa, ili mbao zikauke. Na usiku unaoangaza ghafla baada ya mvua ya alasiri, wakati hewa imeoshwa moshi wote, acha shughuli nyingine uende ukasukume paa.